Aliyeondoka Bila Kukaa

Krutoi Log, 3 Novemba 1942

Taisia,

Salamu zitangulie, lawama zinafuata nyuma, maana zimenijaa na sina mahali pengine pa kuzimwaga.

Sisi wazima. Ustya amefikisha miaka minne na mdomo wake umefikisha arobaini. Jana alimwambia mwenyekiti wa shamba la ushirika kwamba masharubu yake yanafanana na brashi yetu ya kusugulia masufuria. Sikumkanya. Yanafanana kweli. Halali mpaka nimsimulie habari zako, na mimi habari zako nazitoa wapi? Barua zako ni fupi kama mkia wa sungura. "Mzima, nashona miavuli ya marubani, nawabusu." Basi!

Sasa nikuambie linalonikereketa. Mwaka jana uliondoka kwangu mbiombio, lori linapiga honi nje, na hukukaa. Nilikuambia, Taisia, keti. Tukae sote kimya kidogo kama watu wanavyokaa kabla ya safari, kisha mimi mkubwa wa nyumba niseme "Haya, inukeni," ndipo utoke. Ukasema, "Mama, lori litaniacha!" Huyoo, ukaenda. Na Nazar wangu, siku aliyoitwa vitani, alikaa? Hakukaa. Alicheka, akasema hayo ni mambo ya vikongwe. Haya, yuko wapi sasa? "Hajulikani alipo," ndivyo walivyoniandikia. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi sijakuruhusu kuondoka mpaka leo, ulijue hilo. Mlango ulipita, lakini ruhusa yangu hukuondoka nayo.

Nakuletea soksi za sufi, kijivu, zenye mstari mwekundu juu. Kisigino kimepinda kidogo, ndivyo mkono wangu unavyofuma, usinicheke. Nawe niletee picha. Mtoto anaisahau sura yako, na mimi si mchoraji.

Na jingine: ndege zetu zinazolinda daraja la reli zimenichosha. Nyingi zinapita juu kwa adabu zao. Lakini yupo kichaa mmoja, kila akipita lazima ashuke mpaka juu ya paa langu atikise mabawa. Kuku wamegoma kutaga. Ningemjua mama yake ningemwandikia.

Glafira Yemelyanovna Dubrovina,
mama wa mumeo


Posta ya jeshi, 20 Novemba 1942

Mama, nakuamkia kwa heshima.

Soksi zimefika na nimezivaa hapo hapo. Kisigino kilichopinda ndicho kinachonikaa vizuri, nadhani hata mguu wangu umepinda.

Mimi nashona, nakunja, nafunga. Vidole vimejaa matundu ya sindano. Ni kazi ya kukaa, ya ndani, karibu na jiko, kwa hiyo usiwe na wasiwasi wowote. Niko mbali na risasi. Mahali siruhusiwi kutaja, wakaguzi wa barua watanifutia.

Picha siwezi kukuletea sasa. Hapa watu wana mwiko, hawapigi picha kabla ya… kabla ya kazi kumalizika. Usinune.

Kuhusu kuku, pole sana. Lakini huyo rubani huenda ana mtu wake kijijini hapo na anamsalimia. Mngempungia mkono walau. Ustya alimpungia?

Mwambie Ustya nambusu pua.

Taya


Krutoi Log, 14 Januari 1943

Taisia,

Mficha maradhi kifo humuumbua. Prokhor, mwana wa Kapitolina wa jirani, amerudi kutoka hospitalini na mkono mmoja, na macho yake yote mawili bado anayo. Amekuona stesheni ya mjini. Mjini, Taisia! Mwendo wa siku moja kwa mkokoteni kutoka hapa! Na sisi tunadhani uko mwisho wa dunia.

Umevaa koti la ngozi lenye manyoya shingoni. Umezungukwa na maofisa. Unakula chokoleti na kucheka mpaka unashika mbavu. Washonaji wanapewa chokoleti siku hizi? Mimi hapa nimelima na ng'ombe wa maziwa kwa sababu farasi wote mmewachukua, Ustya anakula maganda ya viazi, na wewe chokoleti!

Nimeelewa sasa kwa nini picha haiji. Kijiji kizima wanajua mke wa kambini ni mwanamke wa namna gani: ofisa mmoja, kitanda chenye joto, koti zuri. Mwanangu hajazikwa hata kaburi lake halijulikani, nawe umekwisha kupata bega jingine. Huna haya?

Basi sikiliza. Ustya ni damu ya Nazar, nami nitamlea mwenyewe. Vita vikiisha usije kumchukua. Akiuliza, nitamwambia mama yake alikuwa mwanamke mwema, akafa. Ukitaka ibaki hivyo, usijibu.

G. Y. Dubrovina


Posta ya jeshi, 22 Januari 1943

Mama,

Najibu. Na safari hii barua haitakuwa mkia wa sungura.

Mimi si mke wa kambini. Mimi ni rubani wa ndege ya kivita. Sina ofisa, nina bunduki mbili na mzinga mmoja, na kitanda changu kina joto kama shimo lako la kuhifadhia kabichi. Nilijifunza kuruka katika klabu ya kiwanda kabla ya vita. Nazar alijua. Alikuwa akisimama pembeni ya uwanja kunishikia koti, akitua na mimi rohoni, maskini, kila ninapotua. Ni yeye aliyesema, "Mama usimwambie, atakukataza kuruka." Nikakudanganya, na uongo huo ni wangu, nitaubeba. Lakini kukaa kimya juu ya tusi lile sitakaa.

Koti la manyoya ni kwa sababu juu kuna baridi inayopasua meno. Chokoleti ni posho ya marubani. Niliyokuwa nikila ni kipande, vingine nimekuwa nikimwekea Ustya tangu mwaka mpya, na vimo ndani ya mfuko huu. Vihesabu halafu uniambie mke wa kambini anaweka akiba ya nani. Na wale maofisa ni marubani wa kikosi jirani. Walituuliza kama ndege zetu zina kioo cha kujipodolea. Rimma akawajibu, "Kipo, na kila tukikitazama tunawaona nyie mko nyuma." Hapo ndipo niliposhika mbavu.

Rimma Shubina ni mwenzangu wa angani. Uso wake una madoadoa kama yai la bata mzinga. Tunaruka wawili wawili: yeye anatangulia kushambulia, mimi nalinda mkia wake. Rubani hana macho kisogoni, mama. Macho yake ya kisogoni ni mimi.

Kichaa wa kuku ni mimi pia. Kila tukirudi kutoka darajani napita juu ya paa lenu. Mara moja nilimwona Ustya na kitambaa chake chekundu. Alinipungia. Wewe ulinitolea ngumi.

Mtoto wangu ni wangu. Nitakuja kumchukua kwa miguu yangu, na wewe nitakuchukua pia, upende usipende. Siruki kwa sababu simjali. Naruka kwa sababu wale wanaokuja kupiga daraja wanapita juu ya kichwa chake.

Taisia Dubrovina, mke wa Nazar


Krutoi Log, 2 Februari 1943

Kwa kamanda wa kikosi,

Mimi ni kizee wa shamba la ushirika, nimejifunza kuandika ukubwani, utanisamehe mwandiko.

Kikosini kwako yumo mkazamwana wangu, Taisia Dubrovina, anayeendesha ndege. Mume wake, mwanangu wa pekee, hajulikani alipo tangu vita vianze. Ana mtoto wa miaka minne. Mimi nina miguu iliyovimba na sina siku nyingi. Baba keshachukuliwa, na sasa mama naye atafutwa mawinguni? Mtoto mmoja mnataka kumfanya yatima mara ngapi?

Sisemi mumfukuze. Sisemi hafai. Mwekeni chini tu. Apike, afue, afunge miavuli. Isitoshe aliondoka kwangu bila kukaa na bila kuruhusiwa na mkubwa, na mtu wa namna hiyo si wa kumpandisha juu.

Nakuomba kama mama yako angekuomba.

Glafira Yemelyanovna Dubrovina


Posta ya jeshi, 20 Februari 1943

Mheshimiwa mama Glafira Yemelyanovna,

Nimeshika uongozi wa kikosi hiki hivi karibuni, na barua yako imenigusa. Umesema kwa maneno machache jambo ambalo mimi mwenyewe nimekuwa nikilifikiria tangu nifike: anga si mahali pa mama wa mtoto. Wasichana hawa wana moyo, sikatai, lakini vita vinahitaji zaidi ya moyo.

Nina furaha kukuarifu kwamba Luteni Dubrovina ameondolewa kwenye orodha ya warukaji na kupangiwa kazi ya kufunga miavuli. Lala salama, mama.

Meja A. Kharlov


Posta ya jeshi, 6 Machi 1943

Glafira Yemelyanovna,

Hongera. Nilikudanganya kwamba nafunga miavuli, nawe umeugeuza uongo wangu ukawa kweli. Nakunja hariri kuanzia asubuhi. Niko karibu na jiko. Niko mbali na risasi. Ulitaka hivyo, siyo?

Wajerumani hawakuniangusha. Walijaribu, wakashindwa. Umeniangusha wewe, kwa kalamu. Meja aliisoma barua yako kwa sauti mbele ya kikosi kizima, akatabasamu kama paka aliyeonja maziwa. "Hata familia zenu zinasema," akatuambia. Wanaume miaka yote wanaacha watoto nyumbani na kwenda vitani. Umewahi kusikia mama wa mmoja wao ameandika aondolewe kwa sababu ana mtoto? Wewe mwenyewe ulimwandikia kamanda wa Nazar?

Rimma sasa anaruka na yeyote aliye na nafasi, na siku nyingine hakuna mwenye nafasi. Nimemwomba meja, nimesimama mlangoni pake, amesema nitashukuru baadaye.

Soksi zako nimempa Rimma. Huko juu ndiko kwenye baridi. Mimi umeniweka penye joto.

Nambusu Ustya. Wewe sikubusu.

T. Dubrovina


Krutoi Log, 27 Juni 1943

Taya,

Umekaa kimya miezi mitatu na ushee, nami sikukulaumu. Nilisema, anune, lakini yuko hai. Anayenuna anapumua. Hivyo ndivyo nilivyojifariji mpaka juzi.

Juzi tulikuwa tunapalilia viazi, mchana kweupe. Zikaja ndege za Wajerumani, kubwa, zinanguruma kifuani, zinaelekea darajani. Ustya nilikuwa nimemweka kwenye mtaro kivulini. Halafu kikatokea kidege chetu kimoja. Kimoja, Taya! Kikazivamia kama mbayuwayu anayefukuza kunguru. Kapitolina anapiga kelele, "Muueni! Muueni huyo mbwa!" na mimi naangalia nyuma ya kile kidege. Tangu uniandikie ya mkia, najua mahali pa kuangalia. Nyuma yake hapakuwa na mtu.

Dege moja alilichoma, likaanguka mtoni. Mengine yakatapika mabomu yao kwenye matope na kugeuza. Daraja limesimama. Mabomu yale yangeshushwa hatua chache huku kwetu, leo nisingekuwa na mtoto wa kukuandikia habari zake. Ila moja ya yale ya mwisho lilimrudia kwa nyuma. Akaanguka kwenye malisho ya ng'ombe.

Nilikimbia kwa miguu hii iliyovimba, nikawapita wanawake vijana. Buti moja lilikuwa limemvuka. Na kwenye mguu niliona soksi ya sufi, kijivu, mstari mwekundu, kisigino kimepinda.

Uliniandikia kwamba umempa. Nilijua. Lakini macho ya mama yakiona kazi ya mkono wake hayakumbuki barua. Nikalia jina lako mpaka ng'ombe wakatawanyika. Nikamgeuza uso. Madoadoa, kama yai la bata mzinga.

Na unajua nilichohisi? Furaha. Nimemshika mtoto wa mwanamke mwenzangu, bado ana joto, nami nafurahi kwamba si wangu! Kisha nikaionea haya furaha ile, na ninaionea haya mpaka leo.

Nilimwosha mwenyewe. Sikumwachia mtu. Nilimchana nywele, nikamvisha shati langu la harusi nililokuwa nimeliweka kwa maziko yangu. Soksi nilimvalisha zote mbili. Wanajeshi walipokuja kumchukua tuliwaambia atalala hapa, kilimani, mahali panapoonekana daraja. Ofisa mmoja akataka kubisha, Kapitolina akamwonyesha jembe. Tumemzika kwa uji wa ngano na asali, kijiji kizima, hata mwenyekiti alilia na masharubu yake.

Niliuliza wale wanajeshi: kwa nini alikuwa peke yake? Wakasema siku ile hakukuwa na wa kuruka naye. Nikajua kwa nini hakuwapo, na sababu ni barua yangu.

Nipe anwani ya mama yake. Nitamwandikia ukweli wote. Akinilaani, laana hiyo ni haki yangu.

Glafira


Krutoi Log, 28 Juni 1943

Kwa Meja Kharlov,

Mwezi wa pili nilikuandikia. Sasa nataka barua ile irudi. Ilikuwa barua ya mama mkwe mwenye hofu, haikuwa amri ya jeshi. Wewe uliifanya amri kwa sababu ulikuwa ukiitafuta.

Nimemwosha kwa mikono yangu binti uliyemwacha aruke bila mlinzi, huku mlinzi wake ukimkalisha akikunja hariri. Uliniambia vita vinahitaji zaidi ya moyo. Kweli. Vinahitaji mtu nyuma yako. Nilikuwa kwenye viazi, kutoka chini sikuweza kujua aliye ndani ya kile kidege ni mwanamume au mwanamke, na hata hao Wajerumani hawakujua. Ni wewe peke yako unayeona tofauti.

Mrudishe Taisia kwenye ndege yake. Usipomrudisha nitakuja hapo mwenyewe, na mbuzi wangu na mjukuu wangu, nitakaa mlangoni pako. Mdomo wa mjukuu wangu huujui bado. Wewe una nyota mabegani na mimi nina sugu viganjani. Tutaona kipi kinachoka kwanza.

Nawe uliniambia nilale salama. Sijalala.

Glafira Yemelyanovna Dubrovina


Posta ya jeshi, 9 Julai 1943

Mama,

Amenirudisha. Nasikia alianza kuisoma barua yako kwa kicheko, alipofika katikati akaenda kuimalizia nje. Aliporudi alisema maneno mawili tu: "Dubrovina, utaruka." Wasichana sasa wanataka mbuzi wako apewe cheo.

Barua yako ile nyingine nimeisoma peke yangu nyuma ya ghala. Sitakuambia si kosa lako. Utajua naongopa, na nimeacha kukuongopea. Ni lako kiasi, ni la meja kiasi, na langu pia, kwa kukuficha mpaka ukajua mambo kwa mdomo wa Prokhor. Lakini aliyemuua ni yule aliyekuwa nyuma yake, na mimi nitamtafuta. Ahsante kwa shati. Rimma hakuwahi kuolewa, angekutania sana juu ya shati la harusi. Anwani ya mama yake nimeiandika chini.

Sasa nina la kukuambia, ucheke kidogo. Kabla ya kupaa tunasubiri ndani ya ndege, mikanda imefungwa, injini ina moto, hakuna anayesema neno. Tunasubiri fataki ya kijani, ishara ya kupaa. Mama, mimi kila siku nakaa kabla ya safari! Katika kazi hii hakuna anayeweza kuondoka bila kukaa. Jana nilipokuwa pale nilikumbuka benchi lako na lile lori. Nikaona kinachopungua si kukaa. Kinachopungua ni mkubwa wa kuniambia niinuke. Fataki si mtu.

Sikuombi radhi kwa kuruka. Nakuomba neno lile tu.

Picha hiyo hapo. Mwiko wetu ni kabla ya kuruka. Hii nilipigwa baada ya kutua, ndiyo maana nywele ziko hivyo. Mwonyeshe Ustya.

Taya wako


Krutoi Log, 18 Agosti 1943

Mwanangu,

Picha imebandikwa juu ya samova ya kuchemshia chai. Ustya ameitazama sana, kisha akasema, "Mama anahitaji kuchanwa." Hapo chini nimeuzungushia penseli mkono wake, aliutuliza kwa tabu. Uweke unapokaa.

Mama yake Rimma amenijibu. Hakunilaani. Ameuliza kama kilimani pana jua asubuhi. Nimemwambia lipo, na kwamba mlango wangu uko wazi siku atakayokuja.

Kuku wamerudia kutaga. Nilimwambia Kapitolina wamekuzoea, naye anasema ni joto. Wewe pita tu chini unavyotaka. Ngumi nimeikunjua.

Jana nilifunga mlango. Nikamketisha Ustya kwenye benchi upande wa dirishani, mimi upande wa jiko, katikati tukaacha nafasi zako na za Nazar. Tukakaa kimya. Ustya akaninong'oneza, "Bibi, nani anasafiri?" Nikamwambia nyamaza, ni mama yako, alitoka zamani lakini hatujamaliza kumuaga. Akanyamaza, mtoto yule, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe. Tulikaa mpaka nikasikia moyo wangu umetulia.

Kisha nikasimama. Miguu ilikataa, nikasimama hivyo hivyo. Nikalisema kwa sauti, majirani walisikia, na sasa naliandika ulibebe mfukoni, siku ukiwa umefungwa mikanda unangoja ile fataki yao usiingoje kama mtu asiye na kwao. Mimi ndiye mkubwa wa nyumba hii, na neno hili hakuna meja anayeweza kulifuta.

Haya, Taya. Inuka.

Mama yako